Neno "Jazz" katika Kiswahili na Mchango wa Redio

Wapo wanaodai kwamba wanamuziki wetu walilitumia neno "jazz" kimakosa, kwa kuwa nyimbo za Morogoro Jazz Band hazifanani na za Duke Ellington. Sikubaliani nao. Neno likopwapo hupata maana kwa jamii inayolikopa. Katika Tanganyika "jazz" haikutaja mtindo wa Marekani, bali bendi ya muziki wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa katika miaka ya 1930. Baadaye zikafuata Tabora Jazz, Western Jazz na, mwaka 1964, Nuta Jazz.

Muundo wa majina hayo nao unastahili kuzingatiwa. Kiswahili hutanguliza nomino kuu, kama katika "bendi ya Tabora". Hapa jina la mji limetangulia kwa mpangilio wa Kiingereza, na wasemaji wakaupokea.

Sababu mojawapo ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ikazirekodi bendi hizo studioni. Kila mtangazaji alipoitaja bendi kabla ya wimbo, alilifikisha neno hilo hata kwa watu wasiowahi kuingia ukumbi wa dansi.

Kanda hizo ni hazina ya isimu pia, kwani zimehifadhi matamshi, msamiati na mafumbo ya enzi hiyo. Lakini utepe huchakaa. Tukichelewa kuzisikiliza na kuzinukuu, tutabakiwa na majina ya bendi bila sauti zake.