Je, Wajua? Jinsi Sheria Inavyopima Hasara ya Macho, Masikio na Pua

Mkono uliovunjika kila mtu anauona. Sikio lililokufa kwa kipigo, au pua isiyonusa tena baada ya ajali ya bodaboda, haionekani kwa jirani wala kwa bosi. Ndiyo maana wengi huambiwa washukuru Mungu wako hai, wakaacha haki yao. Lakini sheria imeihesabu hasara hiyo tangu zamani.

Je, wajua kuwa pua ina dia kamili? Katika fiqhi ya Kiislamu, dia (fidia ya damu) ya mtu aliyeuawa ni ngamia 100. Mafakihi waliamua kuwa aliyepigwa akapoteza kabisa uwezo wa kuona, kusikia au kunusa anastahili dia kamili, ingawa yu hai. Kwa jicho moja hulipwa ngamia 50.

Je, wajua kuwa pigo la kisogoni linaweza kuua pua? Mishipa ya kunusa hupenya matundu madogo ya mfupa ulio juu ya pua. Ubongo ukitikisika kwa nguvu, nyuzi hizo hukatika. Na kwa kuwa ladha nyingi ya chakula huletwa na harufu, pilau na maharage ya nazi hugeuka kitu cha kujaza tumbo tu. Hatari ni kubwa zaidi: mtu huyo hasikii harufu ya gesi inayovuja wala chakula kilichochacha.

Je, wajua kuwa anayejifanya hanusi hunaswa? Tangu miaka ya 1980 kuna kipimo cha Marekani chenye harufu 40, kila moja ikiwa na majibu manne ya kuchagua. Asiyenusa kweli hubahatisha na kupata karibu 10. Anayedanganya hukwepa majibu sahihi, akaangukia chini sana ya hapo. Kipimo kingine ni amonia: ukali wake huwasha pua kwa mshipa tofauti na ule wa kunusa, kwa hiyo hata asiyenusa huuhisi. Vipimo hivi ni ngao ya mkweli, maana humpa ushahidi ambao macho ya hakimu hayawezi kuuona.

Je, wajua kuwa kipofu alibadilisha sheria ya barabara? Mafundi wa umeme jijini London walichimba mtaro, wakaweka nyundo ndefu kama kizuizi. Kipofu aliyekuwa akienda kazini na fimbo yake nyeupe alijikwaa, akaanguka na kupoteza usikivu pia. Mwaka 1964 majaji wa ngazi ya juu kabisa wa Uingereza walimpa haki: anayechimba njia ya umma lazima awafikirie na wasioona, kwa sababu nao wana haki ya kuipita.

Je, wajua kuwa hata muziki huumiza? Mpiga viola wa Royal Opera House ya London aliharibikiwa usikivu mwaka 2012, akiwa ameketi mbele ya tarumbeta katika mazoezi ambako kelele ilipita desibeli 130. Mwaka 2018 mahakama iliamua kuwa mwajiri anawajibika, na rufaa ya 2019 haikumwokoa.

Je, wajua kuwa saa ya madai huanza kuhesabu mapema? Kwa aliyeumia kazini, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Tanzania ya mwaka 2008 hutaka madai yafikishwe ndani ya miezi 12. Nchini Tanzania fidia hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na michango yake hutoka kwa mwajiri, si kwenye mshahara wa mfanyakazi. Madai ya uzembe mahakamani kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3 katika nchi zote mbili.

Ukipigwa au kugongwa, chukua fomu ya polisi: PF3 Tanzania, P3 Kenya. Mwambie daktari waziwazi kama husikii, huoni vizuri au hunusi, naye aandike. Usipomudu wakili, tafuta msaada wa kisheria. Kenya ina sheria yake tangu 2016 na Tanzania tangu 2017. Usikubali "pole" ya mdomo ichukue nafasi ya haki yako.