Fahamu: Jinsi kipima mvua kinavyoweza kuidanganya kompyuta

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na vituo vya kisasa vya hali ya hewa huzipima vyenyewe. Ndani ya kipima mvua cha kawaida mna vikombe viwili vidogo vya kupokezana. Kimoja kikijaa, mara nyingi kwa mvua ya milimita 0.2, hupinduka, sumaku hupita mbele ya swichi na kuifunga kwa sehemu tu ya sekunde. Volti ya waya hushuka, kisha hupanda. Kompyuta husimamisha kazi yake na kuhesabu.

Badiliko hilo la volti ndilo ishara ya kukatiza. Draiva ndani ya kerneli ndiyo husema isikilizwe vipi. Kwenye Linux kuna namba nne za msingi: 1 ukingo wa kupanda, 2 ukingo wa kushuka, 4 kiwango cha juu, 8 kiwango cha chini.

Hapa weka 2. Ukiweka 8, kerneli itakatizwa mfululizo muda wote swichi imefungwa, na mpinduko mmoja utahesabiwa mara maelfu. Tukuyu ina sifa ya mvua, lakini si kiasi hicho!

Kiwango kina mahali pake: chipu inayoshikilia waya hadi ihudumiwe.

Kabla ya kupeleka mtambo Iringa au Mbeya, pindua kikombe kwa kidole, kisha soma /proc/interrupts. Namba ikiongezeka kwa tano badala ya moja, swichi inadunda, ichuje kwanza.