KUINUA GARI LA NJIA MBAYA: SPRINGI ZIPI ZIFAAZO?

Katika sehemu nyingi za Kenya barabara ya lami hufika mahali ikakoma, na mbele yake ni mawe, mchanga au udongo mweusi. Dereva atokaye Marsabit kwenda North Horr hupita penye mawe ya volkeno, kisha hukutana na jangwa la Chalbi, ambalo likinyeshewa hugeuka tope zito. Gari lililo chini hugongagonga mawe hata likatoboka tangi. Ndiyo sababu wenye magari wengi hutamani kuyainua.

Kuinua gari maana yake ni kuondoa springi na shokabsoba lilizotoka nazo kiwandani, na kutia nyingine zilizo ndefu au zenye nguvu zaidi, ili mwili wa gari ukae juu. Kazi hii ikifanywa kwa akili, gari hudumu na abiria hufika salama. Ikifanywa ovyo, gari huyumba, hukawia kusimama, au hupinduka penye kona. Basi yafaa kila mwenye gari ayajue mambo haya kabla ya kutoa fedha zake.

Kinachoinuka na kisichoinuka

Watu wengi hudhani kwamba springi ndefu huinua kila kitu kilicho chini ya gari. Sivyo. Springi huinua chesi, tangi na milango, lakini ekseli na difu hubaki pale pale, kwa kuwa zimeshikwa na magurudumu. Kiinuacho difu ni tairi peke yake, na tena kwa nusu tu. Mtu akiondoa tairi zenye kimo cha inchi 31 na kutia za inchi 33, difu itapanda inchi 1. Springi ndefu zina faida nyingine: tumbo la gari huepa mawe, gari hupanda ukingo wa mto bila kugonga pua yake, na tairi kubwa hupata nafasi ya kuzunguka.

Springi za namna mbili

Kuna springi za bapa, yaani vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, na kuna springi za koili, zilizoviringwa kama nyoka. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na springi za bapa mbele na nyuma. Mwaka 1983 ikaja Land Rover One Ten yenye koili. Toyota Land Cruiser za jamii ya 70 zilianza mwaka 1984, na tangu 1999 pikapu zake zimekuwa na koili mbele na bapa nyuma. Kwa hiyo asinunue mtu springi kwa jina la gari tu. Na aseme mwaka lilipotengenezwa na namna ya injini yake, kwani injini nzito huhitaji springi za mbele zenye nguvu zaidi.

Uzito ndio mwanzo wa hesabu

Jambo la kwanza la kuuliza si inchi ngapi, bali ni kilo ngapi. Tuseme kuna watu wawili wenye pikapu zilizo sawa. Wa kwanza hubeba siku zote tangi la maji la lita 200, ambalo likijaa maji yake pekee ni kilo 200, pamoja na tairi mbili za akiba na keria ya chuma. Wa pili huenda mtupu siku nyingi, na kubeba magunia siku ya soko tu. Springi zimfaazo wa kwanza zitamwudhi wa pili, maana springi ngumu isiyo na mzigo haibonyei. Penye barabara ya matuta madogo yafuatanayo, gurudumu hurukaruka hewani, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala usukani.

Kinyume chake pia ni hatari. Springi laini ikitwishwa mzigo mkubwa kila siku, gari hukalia mipira ya kuzuia mshindo, na mwisho bapa hukatika mbali na gereji. Lililo bora ni kulipeleka gari kwenye mizani likiwa na mzigo wake wa kawaida, kupima mbele peke yake na nyuma peke yake, kisha kununua springi kwa uzito huo. Wala isisahauliwe kwamba springi ngumu haiongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda. Chesi, ekseli na breki ni zile zile.

Shokabsoba

Kazi ya springi ni kubeba. Kazi ya shokabsoba ni kuizuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya kubonyea. Ndani yake mna mafuta yapitayo katika matundu madogo. Barabara ikiwa mbaya kwa saa nyingi, mafuta hayo hupata moto na kufanya povu, na shokabsoba hulegea. Zile zenye gesi ya naitrojeni huzuia povu, na zilizo nene hubeba mafuta mengi na kupoa upesi.

Urefu wake nao ni wa maana sana. Gari likiinuliwa na shokabsoba za zamani zikiachwa, springi itakaponyooka shokabsoba itavutwa hata kung'oka. Nazo zikiwa ndefu kupita kiasi, hufika mwisho wake kabla ya springi kugusa mpira wa kuzuia, zikapasuka. Kwa hiyo springi na shokabsoba zinunuliwe pamoja, zikiwa zimepimwa kwenda pamoja.

Njia za mkato

Wako mafundi wauzao njia za bei ndogo. Wengine hutia vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za bapa. Vipande hivyo visitiwe mbele kabisa, kwani vikiteleza usukani umekwisha. Na hata nyuma huzidisha kujipinda kwa springi gari livutapo kwa nguvu. Wengine hurefusha vishikizo vya springi. Kishikizo kikirefushwa inchi 4, gari hupanda inchi 2 hivi tu, na mkao wa ekseli huweza kugeuka. Wengine huweka pete nene juu ya koili. Pete huinua gari, lakini springi iliyochoka hubaki imechoka. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

Inchi ngapi zatosha?

Kwa magari mengi ya kazi, inchi 2 zatosha. Zaidi ya hapo, mambo mengine huanza kuharibika. Propela huinama sana na viungo vyake huisha upesi. Mipira ya breki huvutwa hata kukatika. Penye koili mbele, ekseli husogea upande mmoja, na mkao wake hugeuka hata usukani ukakataa kurudi wenyewe. Sehemu za kusahihisha hayo zapatikana, lakini gharama huongezeka. Na kila inchi huupandisha uzito wa gari juu, hasa penye keria iliyojaa na abiria, na hapo ndipo gari hupinduka.

Magari mengi ya mizigo yana kifaa cha breki karibu na ekseli ya nyuma, kitambuacho mzigo kwa jinsi gari lilivyobonyea. Gari likiinuliwa, kifaa hicho hudanganyika kuwa gari ni tupu, na kupunguza breki za nyuma hata kama limejaa. Fundi asipokirekebisha, dereva ataligundua kosa hilo mteremkoni, naye atakuwa amechelewa.

Baada ya kazi

Bolti zishikazo springi na ekseli ziwe mpya. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira hujikunja na kuraruka. Kisha magurudumu yapimwe mkao, na taa za mbele zishushwe zisiwatie upofu wengine. Baada ya kilomita 500 bolti zote zikazwe tena. Yafaa pia kampuni ya bima iarifiwe, isije ikakataa kulipa siku ya ajali.

Basi mwenye gari aendapo dukani, aende na majibu ya maswali manne: gari ni la mwaka gani, uzito wake wa kila siku ni kilo ngapi, hupita njia gani, na tairi zake zina kimo gani. Muuzaji asiyeuliza hata moja kati ya hayo auza vyuma tu. Ni heri kungoja miezi miwili na kununua vifaa vinavyofaa, kuliko kuwaacha abiria jangwani bila maji kwa sababu ya springi iliyochaguliwa kwa macho.