Mtoto anayekesha: mwambie zamu ya ulinzi si yake

Na Mwandishi Wetu

SAA 10 alfajiri mama mchuuzi wa Kobero huamka kimya kimya. Hufunga kitenge, huchukua kikapu, kisha hunyata hadi mlangoni bila kuwasha taa. Anataka kuwahi Kabanga, ng'ambo ya mpaka, upande wa Ngara nchini Tanzania. Hapendi mtoto aamke, maana akiamka atalia, na akilia safari itachelewa.

Jioni mama anarudi amechoka, lakini mtoto hataki kulala. Saa 4 usiku bado macho yako wazi. Anaomba maji, anaomba kwenda chooni, anaomba hadithi nyingine, na muda wote ameshika ncha ya kitenge cha mama yake. Wa nyumbani husema ni utundu. Majirani hunong'ona kwamba ametupiwa kitu.

Huenda sababu ni nyepesi kuliko hizo. Mtoto huyo amejifunza kwamba akilala, mama anatoweka. Kwa hiyo amejipa kazi ya kulinda mlango.

Watoto wa familia zilizorejea kutoka ukimbizini wana habari inayofanana na hiyo. Kati ya mwaka 2002 na 2009, Warundi wapatao nusu milioni walirudi kutoka Tanzania. Mwishoni mwa 2012 kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa na wakazi wake wakarejeshwa katika muda wa wiki chache. Waliokimbia tangu 2015 nao walianza kurudi kwa misafara iliyopangwa mwaka 2017.

Kwa mtu mzima, huko ni kurudi nyumbani. Kwa mtoto aliyezaliwa Nyarugusu au Nduta, nyumbani ndiko alikotoka. Huko aliacha rafiki, njia ya kwenda bombani aliyoijua hata gizani, na sauti za majirani nyuma ya turubai. Kilima cha babu yake ni ugenini. Tangu alipofika, analala sikio likiwa mlangoni.

Sala isiyomtisha mtoto

Familia nyingi za Kikristo husali na mtoto kabla ya kulala, na ni desturi njema. Lakini sala ya usiku inaweza kumtuliza mtoto, na inaweza pia kumfukuzia usingizi. Mzazi anayepaza sauti kukemea mapepo, wachawi na mauti juu ya kichwa cha mtoto wa miaka mitano, kisha akazima taa, amemwachia orodha ya mambo ya kuogopa gizani. Mtoto hakusikia kwamba Mungu ana nguvu. Alichosikia ni kwamba chumbani kuna adui.

Zaburi ya 121 ina njia nyingine. Inamweleza Mungu kama mlinzi asiyechoka, aliye macho mchana na usiku, anayemtunza mtu anapotoka na anaporudi. Ni vigumu kupata maneno yanayowafaa zaidi watu wa mpakani. Mtoto naye anahitaji kuyasikia kwa lugha yake: mlinzi yupo, kwa hiyo wewe huna zamu usiku huu.

Sala yenyewe iwe fupi, na maneno yawe yale yale kila siku, ili mtoto aweze kuyasema hata mama asipokuwepo. Kwa mfano: "Mungu wetu, leo tumefika jioni. Sasa mimi ninalala, wewe unabaki macho. Mtunze mama njiani, mtunze bibi hapa nyumbani, nitunze na mimi kitandani. Nikiamka usiku, nikumbushe kwamba siko peke yangu. Amina."

Lugha nayo si jambo dogo. Watoto wengi wa wakimbizi wa 1972 walirudi wakijua Kiswahili kuliko Kirundi, wakapata taabu shuleni. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kusali kwa lugha ambayo mchana kutwa amechekwa kwayo. Asali kwa lugha anayoiotea ndoto.

Eli hakumgombeza Samweli

Biblia ina habari ya mtoto aliyelala mbali na mama yake. Samweli alikuwa akimtumikia kuhani Eli huko Shilo. Usiku mmoja alisikia akiitwa, akakimbilia kwa mzee. Alifanya hivyo mara tatu. Eli hakumpiga wala kumwita msumbufu. Kila mara alimrudisha kitandani, na mara ya tatu akatambua kwamba mtoto kweli anaitwa, akamfundisha namna ya kujibu.

Hilo ni somo kwa bibi, shangazi na dada wanaobaki na watoto. Mtoto akija mara ya tatu usiku, mrudishe kwa upole, kaa naye kidogo, sema naye ile sala. Na msikilize, kwani huenda ana jambo la kweli la kusema.

Hana, mama yake Samweli, naye hakuwa karibu. Lakini kila mwaka alikwenda Shilo na kanzu ndogo aliyomshonea mwanawe. Mtoto alikuwa na kitu cha mama mwilini, na alijua mama atakuja tena.

Usiondoke kinyemela

Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, muage mtoto jioni. Mwambie: "Kesho utakapoamka utamkuta bibi. Mimi nitakuwa Kabanga, na nitarudi jioni." Akilia, ni afadhali alie mikononi mwako kuliko alfajiri akipapasa mkeka usio na mtu. Mwachie kitenge ulichovaa, alale nacho. Mzigo ukikwama, piga simu, mtoto asikie sauti yako. Usimwahidi kwamba hutachelewa kamwe, maana ahadi ikivunjika hata sala atakayosikia kesho itapungua uzito.

Kituo cha afya nacho ni msaada

Kusali hakumzuii mzazi kwenda kwa mganga wa kituo cha afya. Mtoto mwenye homa usiku apimwe malaria. Anayejikuna sehemu ya haja kubwa huenda ana minyoo midogo ambayo hutoka kutaga mayai usiku. Anayekoroma sana na kukatika pumzi achunguzwe koo na pua. Anayekakamaa, kutoa povu au kutikisika viungo akiwa usingizini huenda ana kifafa, ugonjwa wenye dawa, na kumcheleweshea tiba kwa kudhani ni pepo ni kumhatarisha.

Wapo pia watoto wanaopiga kelele saa chache za mwanzo wa usiku, macho wazi, bila kumtambua mtu, na asubuhi hawakumbuki chochote. Hali hiyo inatisha, lakini kwa kawaida huisha mtoto anapokua. Usimtikise. Mzuie asijiumize, ngoja apoe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku. Chai kali ya majani au kahawa jioni humpunguzia saa hizo.

Jambo moja lisifanyike kabisa: mtoto asifungishwe, asipigwe wala asilazwe peke yake mahali pa maombezi ili alale. Wala bibi kizee wa jirani asitajwe kuwa mchawi kwa sababu mtoto ameota vibaya. Kuna familia zilizorudi kwenye kilima kimoja baada ya miaka mingi, na neno kama hilo linatosha kuzigombanisha upya.

Turudi kwa mama wa Kobero. Saa 10 alfajiri imefika tena. Safari hii hanyati. Anainama, anamgusa mtoto bega, anamnong'oneza: "Ninakwenda, mwanangu. Bibi yupo. Jioni nitarudi." Mtoto anafungua jicho moja, anaitikia, anavuta kitenge hadi shingoni, kisha anageukia ukutani kuendelea na usingizi.