Rangi ya mkaa sebuleni: ipake, lakini usile mwanga wa nyumba

Siku hizi picha za sebule zilizopakwa rangi ya kijivu iliyokolea, ile inayofanana na mkaa, zinazunguka sana kwenye simu. Zinapendeza kweli. Lakini kabla hujatoa hela dukani, tunakuomba ujibu swali moja: chumba chako kinapata mwanga kutoka wapi?

Tunauliza kwa sababu ukuta ama huurudisha mwanga chumbani, ama huumeza. Katika kila sehemu 100 za mwanga unaoupiga, ukuta mweupe hurudisha takriban 80. Ukuta wa rangi ya mkaa hurudisha kama 10, au pungufu. Taa ni ileile, ila chumba kinakuwa na giza.

Sebule nyingi za kwenye picha hizo zina madirisha mapana ya vioo na taa kadhaa. Nyumba zetu nyingi vijijini zina dirisha moja dogo, na usiku tunategemea taa moja ya sola. Ukipaka kuta zote nne rangi ya mkaa, wa kwanza kuumia ni mtoto anayesomea kona ya mbali, na bibi ambaye macho yake tayari yamechoka.

Je, tuiache kabisa? Hapana. Paka ukuta mmoja tu, kwa mfano ule ulio nyuma ya makochi. Usichague ukuta unaotazamana na dirisha, maana huo ndio unaorudisha mwanga wa mchana ndani. Kuta tatu zilizobaki na dari ziwe nyeupe au krimu. Jikoni na chumba wanachosomea watoto, acha rangi nyeupe.

Wapo wanaohofia joto. Rangi ya ndani haiongezi joto kiasi cha kukusumbua. Katika nyumba ya bati, joto kubwa la mchana linashuka kutoka paani.

Sasa tupige hesabu. Ukuta wenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7 ni mita za mraba 8 na kidogo. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Rangi iliyokolea mara nyingi hudai mikono mitatu, yaani kama lita 2 na nusu. Galoni ya lita 4 inatosha na kubaki, ndoo ya lita 20 huihitaji. Nunua yote kwa siku moja, kwa sababu rangi iliyochanganywa siku nyingine inaweza kutofautiana kidogo, na ukutani itaonekana.

Kama plasta ni mpya, iache ikauke angalau wiki 4. Unyevu ukibaki ndani hutoa chumvi nyeupe, nayo kwenye rangi ya mkaa huonekana haraka kuliko kwenye nyeupe.

Mwisho, anza na kopo dogo. Paka kipande cha ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, kisha kitazame asubuhi, mchana, na usiku kwa taa yako mwenyewe. Ukiona kinakupendeza nyakati zote tatu, mwite fundi. Kama usiku kinageuka shimo jeusi, umeokoa hela yako, maana kuirudisha rangi ya mkaa kuwa nyeupe kunakula mikono mingi ya rangi.