Acheni Kuhesabu Miezi Mitatu

Nilikuwa Masaki Jumamosi iliyopita. Si Masaki ya mabalozi pale Dar es Salaam, bali Masaki ya Kisarawe, ya mikorosho na mihogo, ambako vijana na akina mama huamka alfajiri kufuata vibarua Kisarawe mjini na kwenye viwanda vya Kibaha. Nilikwenda kumjulia hali mgonjwa. Kabla chai haijapoa, benchi la barazani lilikuwa limejaa, na swali la kwanza likawa lile ambalo nimelijibu miaka yote ya kazi yangu ya sheria za kazi: "Wakili, nina miezi miwili na wiki tatu. Nikifikisha mitatu si nakuwa wa kudumu, ndipo nidai likizo?"

Hapana. Nalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu swali hili linawapotezea watu haki zao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inajua mikataba ya aina tatu: wa muda usio maalumu, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Hakuna ngazi iitwayo "kibarua asiye na haki" unayopanda kwa miezi mitatu hadi kufika ngazi ya "wa kudumu". Haki za msingi zimefungwa kwenye neno moja, mwajiriwa. Swali la maana ni je, wewe ni mwajiriwa?

Jibu liko kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kinasema anayemfanyia mtu kazi atahesabiwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uitweje, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Unaelekezwa namna ya kufanya kazi. Saa zako zinapangwa na mwingine. Unapewa vifaa vya kazi. Unamtegemea mtu huyo kwa kipato. Au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Nadhani hapo ndipo hadithi ya miezi mitatu ilipozaliwa. Mtu alisikia nusu ya kifungu akaipeleka kijiweni. Miezi mitatu ile ni njia moja tu ya kuthibitisha kuwa wewe ni mwajiriwa. Ukiwa na dalili nyingine, kwa mfano msimamizi anayekupangia kazi kila asubuhi, ni mwajiriwa tangu siku ya kwanza.

Tazama tena hizo saa 45. Ni kwa mwezi, si kwa wiki. Dada mmoja pale barazani anafagia ofisi za kiwanda asubuhi tatu kwa wiki, saa nne kila asubuhi. Hizo ni saa 12 kwa wiki, zaidi ya 50 kwa mwezi. Ameambiwa miaka miwili kwamba yeye ni wa nusu siku, kwa hiyo likizo haimhusu. Inamhusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na katika siku hizo analipwa kile ambacho angelipwa kama angekuwa kazini. Kwa siku tatu za wiki, ndani ya wiki nne, ni ujira wa siku 12. Mwenzake wa siku sita atalipwa 24. Tofauti ya saa inapunguza kiasi cha fedha. Haiifuti likizo.

Waajiri nao wameiamini hadithi hiyohiyo, na dawa yao ni mbaya kuliko ugonjwa. Mfanyakazi akikaribia miezi mitatu anaambiwa apumzike wiki mbili, kisha anaitwa tena "aanze upya". Kwenye likizo, sheria imeshaiziba njia hiyo. Ni kweli kwamba aliye chini ya miezi sita kazini hapati likizo ya malipo, lakini kifungu cha 29 cha sheria ya ajira kinasema aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule anaipata, vipindi vyake vikijumlishwa na kuzidi miezi sita. Wa msimu naye ametajwa kwa jina kuwa anastahili. Ajira ikikoma kabla likizo haijachukuliwa, hesabu ni ujira wa siku moja kwa kila siku 13. Siku 130 za msimu wa korosho ni ujira wa siku 10. Kwa anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni laki moja aliyoiacha shambani.

Kuna wanaoniambia, "Lakini sina karatasi yoyote." Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku pwani yetu kuthibitisha kazi yake. Leo anayeitwa kwa jina la karatasi anaambiwa hana karatasi, na anakubali! Kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Akishindwa kuyatoa mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Yule dada alinionyesha daftari la mistari, jalada limelainika kwa jasho: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na fedha alizotumiwa kwa simu. Ujumbe wa malipo hajafuta hata mmoja. Nina mashauri yaliyosimama kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Sasa wazee. Mzee mmoja wa miaka 63 analinda ghala usiku. Vijana anaolinda nao wana likizo na bima ya matibabu. Yeye ameambiwa, "Mzee, wewe ulishastaafu." Miaka 60 ni umri wa kustaafu kwa lazima katika sheria za mafao. Haimpi mwajiri ruhusa ya kumtumikisha mtu usiku kucha na kumnyima wanachopata wenzake. Kifungu cha 7 cha sheria ya ajira kinakataza ubaguzi, wa wazi au wa kificho, na umri umetajwa humo kwa jina. Kinagusa mishahara, marupurupu, mafunzo, vyeo na kuachishwa kazi. Ukionyesha dalili za awali za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwapo, au kwamba tofauti inatokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe. "Kampuni ya bima imekataa" ni maelezo. Alete uthibitisho.

Ninyi wa saa chache, msinakili madai ya mzee huyu. Saa za kazi hazimo kwenye orodha ya kifungu cha 7. Dai lenu lisimame kwenye viwango vya chini vya kisheria: likizo, ugonjwa, uzazi, kima cha chini cha mshahara, ambacho Amri ya Mishahara imekipanga hadi kwa saa. Isipokuwa kama kazi za saa chache zimewaangukia wanawake tu na marupurupu yamekatwa hapohapo. Hapo ubaguzi wa kificho unaweza kujengwa, na mpate mtu wa kuwasaidia kuujenga.

La kufanya ni hili. Andika kumbukumbu zako leo. Mwandikie mwajiri barua fupi ukitaja unachodai, ubaki na nakala. Kama kuna tawi la chama, TUICO viwandani au TPAWU mashambani, wao walipeleke dai lako. Michango ya NSSF isipoonekana, nenda NSSF wenyewe: jumla ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10. Barua isipojibiwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze Fomu Namba 1. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, usiiguse kama bado uko kazini. Kunaanza usuluhishi, ukishindikana ni uamuzi. Kudai haki ya kisheria si sababu halali ya kukufukuza. Usitumie miezi kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi, na usimlipe mtu wa getini anayesema anajua njia.

Na muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30. Migogoro mingine yote, likizo na ubaguzi vikiwemo, ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Kuna maombi ya kukubaliwa ukichelewa, lakini yanataka sababu ya msingi, na "nilikuwa nasubiri miezi mitatu itimie" si sababu. Nimeona mashauri mazuri yakifia hapo, ya watu waliodhulumiwa kweli. Kwa hiyo anayesoma haya na amenyimwa likizo mwezi huu, achukue kalenda sasa hivi, aanze kuhesabu kutoka siku aliyonyimwa.