Fahamu: Mzigo wa msimamizi wa kundi la WhatsApp

Msimamizi wa kundi la WhatsApp, au admini kama wengi wanavyomwita, huingiza na kutoa wanachama, hufuta ujumbe wa wengine na, ikibidi, hulifunga kundi ili wasimamizi pekee waandike. Halipwi. Kundi moja hubeba hadi watu 1,024, na kundi la michango ya harusi au msiba halilali: saa 5 usiku mmoja anatuma picha za ajali, mwingine tangazo la mikopo, wa tatu anamfuata faragha akilalamika kuwa jina lake limerukwa kwenye orodha ya waliochanga. Uchovu huanzia hapo. Wanaomlaumu ni watu atakaokutana nao kesho sokoni au msikitini, na likizo hana. Aliyechoka huwa mkali, hufuta bila kueleza, au hujitoa kimya kimya.

Je, anawajibika kwa kila kinachoandikwa? Nchini Kenya, mwongozo uliotolewa kabla ya uchaguzi wa 2017 ulimtaka adhibiti maudhui ya kundi lake. Nchini India, Mahakama Kuu ya Kerala iliamua mwaka 2022 kwamba habebi kosa la mwanachama kwa sababu tu ni msimamizi. Uamuzi huo ni wa haki, kwani hana uwezo wa kuuona ujumbe kabla haujatumwa.

Kwa wanachama, hata hivyo, anadaiwa maelezo anapomtoa mtu. Kanuni ziandikwe kwenye maelezo ya kundi, na wasimamizi wawe watatu au wanne, wapokezane zamu.